Kadi Haialiki, Anaealika ni Mtu

Haya niliyazungumza Jumapili ilopita pale skuli, kwenye kikao cha vijana wanaokaribia kuoa na kuolewa pamoja na wazee wao, na wengi mmeniomba niyaandike kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinakatika katika na waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Basi nayaandika kama nilivyoyasema, na pale nilipotoka nje ya njia nimepaacha vile vile.

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaonitizama kama vile nimekuja kukudaini.

Mimi si mwanachuoni wala si somo wa kumfunda bibi harusi, mimi ni mtu wa steshenari. Toka 2006 kazi yangu ni kuandika na kuprinti, vitabu vya risiti, fomu za skuli, barua za watu, lakini ikishafika Shaabani mambo yote yanasimama ni kadi za harusi tu, mana nyinyi mnajua hapa kwetu kila mtu anataka amalize shughuli kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na waliochelewa wanajazana Mfunguo Mosi sikukuu ikisha tu. Kwa hiyo kadi nilizoziandika mimi hata idadi yake siijui, na ugomvi ulotokana na kadi nimeusikia mwingi zaidi kuliko kadi zenyewe.

Na nianze na ugomvi wangu mimi. Niliolewa 2004, hapa hapa Unguja Mjini, na wakati ule nilikuwa na kiburi cha kadi. Ndio kwanza nimejua kompyuta, nikaidizaini mwenyewe, maua kila pembe, jina langu kwa herufi za kukunjana kunjana hata mimi mwenyewe nilikuwa silisomi. Sasa shangazi yangu, dada yake baba khasa, baba mmoja mama mmoja, yeye yuko Wete, Pemba. Nikampa kadi mtu anaepanda boti, akashuka nayo Mkoani, akampa dereva, dereva alipofika Wete akampa kijana wa barazani, kijana akaipeleka. Siku ya harusi watu wa Pemba wamejaa nyumba nzima, shangazi hayupo. Nikauliza, kimya. Baadae nikaambiwa maneno aloyasema mbele ya watu alipoulizwa mbona hupandi boti. Alisema: kadi imekuja, hajaja mtu.

Maneno manne tu hayo. Mimi nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini sasa, na kila mteja anaeniletea karatasi ya majina mia tatu anataka kadi mia tatu namuuliza, sawa, na watu wa kuzipeleka unao?

Zamani hakukuwa na kadi za kuprinti. Bibi yangu alikuwa ananihadithia, wanawake wawili watatu wa makamo, wenye ulimi mzuri na kumbukumbu nzuri, wanajifunga mabuibui yao wanapita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Hodi. Karibu. Wanakaa kidogo, wanapewa maji, wanauliza hali za watoto, kisha ndio wanasema, Bi Fulani anakusalimuni sana, anasema shughuli ya mwanawe ni wiki ijayo, kesha la hina siku fulani, kupamba siku fulani, na anasema msimwache peke yake. Lile neno la mwisho, msimwache peke yake, ndio mwaliko wenyewe, mengine yote ni ratiba. Na wanaume waliokuwa mbali waliandikiwa barua, herufi za Kiarabu lugha Kiswahili, inaanza ila jenabi sheikh fulani bin fulani, salamu zinakwenda na kwenda, mpaka ukifika penye wa baadu ndio unajua sasa khabari yenyewe inakuja. Mtu akiipata barua ile alikuwa anaona kuna mwenzake amekaa kitako, ameshika kalamu, ametia jina lake na jina la baba yake. Hakuchapiwa na mashine pamoja na watu mia tatu.

Tusidanganyane, siku hizi hatuwezi kurudi kule. Watu wamehama, mmoja Bububu, mmoja Fuoni, mmoja Chake, mmoja Muscat, huyo mama wa kupita nyumba kwa nyumba atapita na nini? Na mimi kadi ndio chakula changu, sikuja hapa kuziharibia soko. Ninachosema ni kwamba kadi ni kumbusho. Inakumbusha siku, saa na pahala. Mwaliko unatangulia kwa mdomo, kwa mguu, au kwa simu ya kupiga, halafu kadi inafuata. Ukigeuza ikatangulia kadi halafu hakufuata mtu, basi umemwarifu mwenzako tu, hujamwalika.

Na kuna watu hawaalikwi kabisa. Shangazi haalikwi, shangazi anashauriwa. Ami, mjomba, bibi, hawa wanatakiwa wajue kabla tarehe haijapangwa, waulizwe, mnaonaje tufanye mwezi fulani, hata kama mmeshakata shauri nyinyi wenyewe ndani ya chumba, waulizeni. Kadi ya kumpelekea ami yako ikiwa ndio mara yake ya kwanza kusikia kama unaoa, hiyo bora usipeleke. Na jirani vile vile, jirani wa ukuta kwa ukuta ambae siku ya siku utamuazima sufuria na jamvi la kukalia wageni, usimtilie kadi chini ya mlango kama bili ya umeme. Na imamu wa msikiti mjulisheni mapema, nimeshaprinti kadi mia mbili mimi zina jina la msikiti ambao siku ile ile na saa ile ile tayari una ndoa nyengine mbili.

Sasa tuje kwenye kadi yenyewe.

Kwetu sisi harusi ni vitu viwili na watu wengi wanavichanganya kwenye karatasi moja. Kuna ndoa, ya wanaume, msikitini, na mlango wa msikiti hauna kadi. Aliesali Laasiri pale akasikia kuna ndoa anakaa, anasikiliza khutba, anaitikia dua, anapata halua yake na kahawa anakwenda zake na hakuna wa kumuuliza nani kakwalika. Kwa hiyo kadi ya ndoa kazi yake ni kumwambia mtu wa mbali msikiti upi na saa ngapi, basi, haina haja ya maua na kamba ya dhahabu. Halafu kuna shughuli ya wanawake, ukumbini au uwanjani nyumbani, kupamba, kumtoa nje bibi harusi, na taarab kama mnaweka taarab, na hapo ndio pana viti vya kuhesabu na sahani za kuhesabu. Kadi ya huku ndio yenye maneno ya kuangalia. Ziwe mbili. Mtu aniletee karatasi moja imeandikwa juu ndoa msikitini chini yake ukumbini saa 2 usiku, nakwambieni kuna bwana mmoja mtu mzima alikuja na kanzu yake na koti mpaka mlangoni mwa ukumbi umejaa wanawake wametoa mabuibui, aibu ile alikuwa anaisimulia barazani kama mkasa wa vita.

Nani anaealika? Hili watu wanaliruka, wanaandika tu Unakaribishwa. Unakaribishwa na nani? Mwenye kualika ni mzee. Baba akiwa hai ni baba, na kadi ya upande wa mwanamke khasa, kwa sababu baba ndie walii, yaani mwenye kumuozesha binti. Kama baba ameshatangulia mbele ya haki basi ami au kaka anasimama, na inaandikwa kwa adabu, Sisi wana wa marehemu Fulani bin Fulani, halafu jina la anaesimama. Msiandike Marehemu Fulani anayo furaha kukualika, mnacheka, mimi nimeletewa hiyo, ikabidi nimwambie yule kijana kwa upole mdogo wangu marehemu haaliki. Wazee walioachana hapo pagumu kidogo. Mtoto kalelewa na mama miaka ishirini, kadi inakuja ina jina la baba peke yake alokuwa hata ada ya skuli hajui shilingi ngapi. Maoni yangu mimi, na wazee mnisamehe, kadi ya ndoa iwe na jina la baba kwa kuwa ndie mwenye uwalii, na kadi ya wanawake iwe na jina la mama, jina lake kamili na la baba yake, kila mmoja anaalika watu wake, na hakuna aliedhulumiwa.

Jina la bibi harusi, familia nyengine hazitaki lisomwe na kila mtu, wanaandika binti yao tu. Waachieni. Nyengine wanataka na picha. Picha siipendi, nimesema yangu.

Majina ya wanaoalikwa sasa. Jamani ile mistari ya nukta nukta, Bw/Bi, halafu nukta ishirini tupu, mtu anapelekewa hivyo hivyo hazijajazwa! Ukipewa kadi ya nukta ujue ulikuwa akiba. Jazeni kwa mkono, kwa peni nzuri, na cheo cha mtu mkitie, Maalim ni Maalim, Sheikh ni Sheikh, alosomesha mtaa mzima usimwite Bw. Na mwanamke wa kwetu akiolewa habadilishi jina la baba yake, kwa hiyo hii tabia ya kuandika Bi. halafu jina la mume wake inatoka wapi, yeye anaitwa Fulani binti Fulani mwandikeni hivyo.

Na halafu kuna Bw. Fulani na Mke. Hii nilikuwa nimeitunza. Mzee mmoja ana nyumba mbili, moja Fuoni moja Mpendae. Kadi inasema na Mke. Ikaletwa Fuoni. Mke wa Mpendae akaikuta mfukoni mwa kanzu anafua. Sitaki kusema kilichofuata, lakini mwenye harusi alikuja dukani kwangu usiku usiku anataka kadi moja, moja tu, na bahasha yake, iandikwe kama vile ilikuwepo siku zote. Kila mwanamke apewe kadi yake kwa jina lake. Awe peke yake, awe na wenzake watatu, kila mmoja yake. Karatasi haina thamani hiyo.

Haya, siku na saa. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu hapa ndio watu wanapotea njia kweli kweli. Kwa hesabu yetu ya asili siku inaanza jua likizama. Kwa hiyo mtu mzima wa Pemba au wa shamba akikwambia usiku wa Ijumaa, yeye anakusudia usiku ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ukutani ni Alkhamis. Kijana wa Mjini akisoma usiku wa Ijumaa anajua Ijumaa keshasali mchana, kala, kalala, usiku ndio anavaa. Nimeona mimi watu wamekuja kwenye walima, yaani karamu ya harusi, wamepambika wamekuta masufuria yanasuguliwa na mchanga. Hakuna aliekosea hapo, kila mtu na siku yake. Basi andikeni hivi, Alkhamis usiku kuamkia Ijumaa, halafu tarehe ya Kizungu kwa nambari, mukifanya hivyo hapotei mtu.

Tarehe ya Kiislamu, ukitaka itie, inapendeza, lakini usiitie peke yake. Mtu aniandikie Mfunguo Mosi 5, na sisi hatujui mwezi utaonekana lini, na mnatujua sisi na mwezi, kuna nyumba wanakula sikukuu leo na nyumba ya pili wanafunga. Sasa Mfunguo Mosi 5 ya nani?

Na saa. Kadi nyingi siku hizi zinadizainiwa kwenye simu na zile programu za kudizaini, simu inaandika 8:00 PM, mtu anaipeleka hivyo hivyo. Bibi anasomewa na mjukuu, saa nane. Bibi akaja saa nane, mchana, jua kali, kakaa kwenye ngazi za ukumbi na kitambaa chake cha jasho mpaka mlinzi kamuonea huruma. Andikeni saa 2 usiku. Saa zetu tunazijua wenyewe. Na Baada ya Laasiri peke yake haitoshi, mana misikiti haikimu kwa dakika moja, wa mbali anasali kwao akidhani atawahi anafika watu wanapanguza mikono halua. Andika saa, kisha andika mara tu baada ya sala ya Laasiri msikitini hapo, ili mtu aje asali pale pale.

Kwa mfano, kama mnataka kunukuu nukuuni hii, ya wanaume:

Mimi Fulani bin Fulani wa Jang'ombe pamoja na ndugu zangu tunakualika Maalim Fulani bin Fulani katika ndoa ya kijana wetu Fulani, itakayofungwa inshaallah msikiti wa mtaani kwetu, Jumapili tarehe fulani, saa 10 na robo jioni, mara tu baada ya sala ya Laasiri msikitini hapo. Kuja kwako na dua yako ndio furaha yetu.

Na ya wanawake:

Mimi Fulani binti Fulani, pamoja na mama zangu na ndugu zangu, nakwita wewe Bi Fulani binti Fulani uje tumpambe mwanetu, Alkhamis usiku kuamkia Ijumaa, tarehe fulani, ukumbi fulani, kuanzia saa 2 usiku. Bibi harusi atatolewa nje saa 4. Usiniache peke yangu.

Mnaona hiyo saa 4? Hiyo ndio inayotakiwa kuandikwa na haiandikwi. Watu wanachelewa kwa sababu wanajua saa 2 yenu ni ya uongo. Ukimwambia saa ya bibi harusi kutoka atajipanga mwenyewe.

Sasa kuna jambo la aya. Kadi nyingi zina aya ya 21 ya Surat Rum, ile inayosema ametuumbia wake kutokana na nafsi zetu ili tupate utulivu kwao, akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Aya nzuri, hakuna alokataa. Lakini niwaambie nilichokiona. Nimekwenda jioni kunywa kahawa, nikanunua njugu za mia tano, nimefungiwa kwenye kikaratasi cha pembe, nikala, nikakifungua, nikaona herufi zangu. Kadi yangu mimi nilioprinti Shaabani, aya imo, na mafuta ya njugu juu yake. Wallahi njugu zilinikwama. Kadi harusi ikisha inatupwa, hiyo ndio kweli yake, jaani, chini ya viti, kwenye mitaro ya Darajani. Tokea siku ile mteja akitaka aya namshauri asiandike, aya isomwe kwenye khutba, pale panatosha. Wengine wanatia 786 pahala pa Bismillahi, ni hesabu ya herufi zake kwa abjadi, kuna wanaoikubali na kuna masheikh hawaipendi, mimi hapo sitii mguu. Akiandika Kwa jina la Mwenyezi Mungu, sawa, bado ni jina lake tukufu, lakini angalau amuombe mwenye kupokea aitunze. Kuna walosema mimi nazidisha. Labda.

Lugha. Nyinyi mnajua kama lahaja yetu hii ya Unguja Mjini ndio ilochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi 1930 na maneno wanayosomeshwa watoto mpaka Kigoma na Bukoba yametoka kwenye mabaraza ya hapa. Halafu mtu wa Malindi, baba wa Malindi, mama wa Kikwajuni, ananiletea kadi nzima Kiingereza, wanaoalikwa wote ni shangazi zake. Na akiitia Kiswahili anakitoa kwenye intaneti, tunaomba heshima ya uwepo wako. Uwepo ndio nini? Sema kuja kwako. Uwepo wako ni zawadi tosha, na chini yake nambari ya simu ya kutuma pesa! Ama zile herufi nne za chini, RSVP, ni Kifaransa hizo, maana yake tafadhali jibu, na mzee mmoja aliniuliza huyu Rsvp ndio nani, kumbe mkwe wetu ana mjomba Mzungu. Andika, Tafadhali tujulishe kabla ya tarehe fulani kama utaweza kuja, piga kwa Bi Fulani. Na huyo Bi Fulani awe mtu anaepokea simu.

Hiyo nambari ya pesa, nirudi hapo. Wenzetu wa Bara wana utaratibu wao wa kamati na kadi za mchango, unachanga ndio unapata kadi, ni utaratibu wao na unafanya kazi, sisemi kitu. Kwetu mtu anatoa kwa mkono wake, anakuja na bahasha yake, au na kitu chake kimefungwa, au anatunza ngomani watu wakimuona, mcheza kwao hutunzwa. Ukimtilia nambari ya simu kwenye mwaliko unamwambia usije wewe ije pesa. Mwenye shida ya kweli awaite ndugu zake ndani awaambie, hakuna harusi ya Zanzibar iloshindikana kwa ndugu kukosa kujua.

Sare, haraka haraka. Andikeni rangi, msiandike duka. Na msitoe sare tatu kwa shughuli ya siku tatu wakati watu wana watoto wa kuwavisha sikukuu.

Watoto, semeni siku gani waje. Mpange walima wa mchana au maulidi watoto wajae wale pilau watie mikono kwenye masinia, halafu ya usiku mseme ya watu wazima. Ile Watoto hawaruhusiwi kavu kavu kama bango la benki inaumiza.

Lakini simu, simu andikeni, na andikeni kwa herufi kubwa. Huku kwetu wanawake wakiingia ukumbini wanavua mabuibui, wamesuka, wamejitia hina mpaka kwenye mabega, mtoto wa mtu anacheza kwa furaha ya dada yake, kesho yake asubuhi yuko kwenye simu za wanaume wasiomjua. Nyumba zimevunjika kwa hilo, hapa hapa mtaani. Maneno ninayoandika mimi ni haya: Tunakuombeni simu zibaki mikobani, wenetu wamejipamba kwa ajili yenu tu. Na mlangoni akae mama mmoja mkali, kadi peke yake haitoshi.

Sasa WhatsApp, mana vijana mnaona nimezunguka tu. Kadi ya picha inafaa, mtu yuko London, yuko Dubai, utampelekea vipi nyengine? Mpigie kwanza. Sema nae. Mwambie naoa, nakwalika, najua uko mbali, kisha mtumie picha. Na umwambie miezi kabla, tiketi ya ndege si ya daladala, na hata wa Pemba hapo karibu anataka wiki mbili tatu za kupanga boti na kuacha mtu na kuku wake. Kutuma kwenye grupu lenye watu mia mbili ukaandika chini watakaosahaulika watuwie radhi hii ndio kadi yenu, hapo hujamwalika hata mmoja, kila mmoja anadhani umewakusudia wengine. Na kuweka status, status si mwaliko, status ni tangazo, kama lile la kifo redioni, na tofauti iko hapo, msiba hauna mwaliko, tukisikia tu tunakwenda, harusi mpaka uambiwe.

Na wanaoalikwa nao wana yao. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametaja katika haki za Muislamu juu ya mwenzake kwamba akikualika umuitikie. Kama huwezi, sema huwezi, mapema, sio unamwambia inshaallah na moyoni unajua huendi. Na udoezi. Kadi imeandikwa jina lako wewe, unakuja na mwenzako na mtoto wa dada yake mwenzako. Kuna hadithi ya Abu Shuayb, alimwalika Mtume na watu wanne, njiani akafuatana nao mtu wa ziada, Mtume alipofika mlangoni akamwambia mwenyeji huyu ametufuata, ukitaka mpe ruhusa na ukitaka arudi. Akampa ruhusa. Tizameni adabu hiyo, Mtume mwenyewe aliomba, na wewe unapita mlangoni na watu sita unasema nipo na hawa.

Na wenye shughuli nao wasikilize, kwa sababu imekuja vile vile kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoitwa matajiri wakaachwa masikini. Kila orodha ninayoletewa, mia tatu, mia nne, naona waheshimiwa wako juu, na yule mama alokuwa anamfulia bibi harusi toka mtoto simuoni. Siulizi. Si kazi yangu. Lakini naona.

Hapo nilikuwa nimemaliza, wakafungua masuali. Kijana mmoja akauliza nikikosea jina la mtu kwenye kadi nifanyeje, nikamwambia nenda mwenyewe na peni, likate mbele yake uandike sawa, mtacheka. Mama mmoja akauliza bei zangu, hiyo tulizungumza pembeni.

Kisha msichana alokaa mbele kabisa akauliza, na shangazi yako yule wa Wete, mulipatana?

Nilikwenda Pemba miezi miwili baada ya harusi, na mume wangu, tulipiga hodi akatupokea kama vile hakujatokea kitu, akatuchinjia kuku, akampakulia mume wangu mara tatu. La harusi hakulitaja na mimi sikuthubutu. Asubuhi baada ya Alfajiri nikamuona anasoma, nikakaa karibu yake kumsikiliza, alipofunua kurasa nikaona kadi yangu imo ndani ya Msahafu, ile ile yenye maua kila pembe. Alikuwa kaitia pale kwa ajili ya aya.